Maporomoko Hayana Sikukuu

Lahaula! Hivi nani aliwaambia watu wa mjini kwamba maporomoko ya maji yana koki, kwamba kuna mtu kule juu anafungua wageni wakija na kufunga wakiondoka? Maana haya tunayoyaona hapa Sanje yanachosha. Mtu anashuka kwenye gari mwezi wa Oktoba, jua limekausha mpaka mate mdomoni, anainua uso kuutazama mlima kwa jicho la mdai aliyezungushwa, kisha anatugeukia sisi tuliokaa kijiweni na vikombe vyetu vya kahawa. "Shikamooni wazee. Sasa, maji yenyewe ndiyo yale?" Marahaba mwanangu. Ndiyo yale, na ushukuru yapo.

Hashukuru. Anatoa simu mfukoni, anatusogezea kioo mpaka puani. Ndani ya picha maji yamejaa mwamba mzima, meupe, mazito, na ukungu umetanda mpaka kwenye miti. "Mimi nimekuja kuona haya." Mzee mwenzangu akavaa miwani, akaitazama ile picha, akasonya taratibu. "Hii ya Aprili, baba." Kijana akakataa katakata, picha imewekwa wiki iliyopita, kaiona mwenyewe kwa macho yake! Imewekwa wiki iliyopita, imepigwa Aprili. Aka! Tukanyamaza tukanywa kahawa yetu, maana mtu anayebishana na majira ya mwaka utamjibu nini?

Kwa asiyepajua, kijiwe chetu kiko kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, ukishapita Kidatu na kabla hujafika Mang'ula. Upande mmoja ni miwa mpaka macho yachoke. Upande wa pili ni Udzungwa, mlima uliosimama ghafla pasipo hata kubisha hodi. Humo ndimo yalimo maporomoko ya Sanje, mita 170, yanashuka kwa awamu tatu ndani ya msitu mnene. Hewa ikiwa safi unayaona ukiwa huku huku chini, mstari mweupe katikati ya kijani, na mstari ule ndio kalenda yetu. Ukinenepa tunajua masika imekolea. Ukikonda tunajua mashamba yatachoma nyayo. Ukipotea kabisa ndani ya wingu, basi kule juu kunanyesha, hata kama huku chini watoto wanapiga mpira vumbini.

Wageni wana kalenda yao nyingine. Ina Pasaka, ina Krismasi, ina Sabasaba na Nane Nane, ina Iddi mbili, ina siku ya kuzaliwa ya shemeji. Siku ofisi inapofungwa, siku hiyo hiyo wanataka mlima nao uwe tayari umeoga na kujipaka mafuta. Pasaka, kama mnavyojua, kila mwaka inaangukia Machi au Aprili, yaani masika ikiwa kwenye ubora wake. Iddi ndiyo usiseme! Inafuata mwezi mwandamo, kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja. Kwa hiyo aliyekuja Iddi moja akakuta kiangazi, miaka ikipita anarudi na watoto kwa sikukuu ile ile na kukuta mafuriko, anaanza kulalamika kwamba Sanje imebadilika. Sanje haijabadilika, bwana. Uliyehamisha tarehe ni wewe.

Tuanze na hao wa Pasaka, maana ndio wanaotupandisha presha. Tangu treni ya umeme ianze kuwashusha watu Morogoro mwaka 2024, Dar imekuwa pua na mdomo. Watu wanashuka Morogoro, wanajazana kwenye kosta ya kukodi, wanakuja huku wakiimba njia nzima. Nawapenda, sisemi nawachukia. Vijana waliotoka kwenye joto la Kariakoo wakaamua kupanda mlima badala ya kukaa baa, hao ni wa kupongezwa. Lakini tazama walichobeba! Spika kubwa la kubebwa na watu wawili. Sufuria la pilau lenye mfuniko uliofungwa kwa kamba. Dada kavaa raba nyeupe pepepe, raba ambazo ukizitazama unaona huruma mapema. Na hakosekani kaka mmoja aliyevaa viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele, vya kwendea harusini.

Huyo kaka wa viatu vya harusi nilimwona kwa macho yangu. Askari wa hifadhi alimwambia kwa upole, "Bosi, njia imeloa, ingekuwa vizuri utafute viatu vyenye meno." Bosi akacheka. Kwao Dar ni mtu wa mazoezi, anakimbia ufukweni kila asubuhi. Basi, wakapanda. Njia ya Sanje masika siyo njia, ni mizizi. Mizizi mikubwa imetambaa juu ya udongo, imesuguliwa na nyayo za watu mpaka inang'aa, na ikinyeshewa inapakwa utelezi ambao hata kima anaukanyaga kwa adabu. Katikati ya mzizi na mzizi kuna tope jekundu. Unakanyaga mzizi unateleza, unakwepa mzizi unazama. Ilipofika alasiri bosi akashuka miguu mitupu, suruali imekunjwa mpaka magotini, kiatu kimoja mkononi. Cha pili kimebaki mlimani. Mama muuza ndizi akamletea kandambili za mwanawe, kijani na zambarau. Akamwambia, "Pole baba. Mlima huu hauangalii cheo."

Hayo ni ya kucheka. Yasiyochekesha ni haya. Siku nyingine masika askari anakataa kuwapeleka watu kwenye mabwawa ya kuogelea kule juu, na hapo ndipo utasikia kelele. "Mbona jua linawaka? Tumelipia! Tumetoka mbali!" Jamani, jamani. Jua linawaka hapa kijiweni. Mvua inanyesha kule unakotoka mto, nyuma ya kilele, usikokuona. Maji yakijikusanya huko juu hayatumi mjumbe. Umekaa kwenye jiwe umening'iniza miguu, maji ni ya kisigino. Mara yanabadilika rangi, yanaanza kuleta majani na vijiti. Ukisikia ngurumo umeshachelewa. Dalili yake ndiyo hiyo, maji safi yanapogeuka kahawia na kuanza kubeba takataka za msituni, hapo usiulize picha imetoka vipi, toka! Askari anayekukatalia amezisoma dalili hizo kuliko wewe unavyosoma ujumbe wa simu yako, halafu unamwambia anakuharibia sikukuu. Nyoo! Mtu anakulinda roho yako unamwombea afukuzwe kazi!

Na mwamba wenyewe wa masika lazima niusemee ukweli. Haki ya Mungu, Aprili maporomoko yale ni kitu kingine. Hukaribii. Ukiwa bado hujayaona unayasikia kifuani, siyo masikioni. Upepo wake peke yake unakulowesha, na matawi ya karibu hayatulii, yanatikisika mchana kutwa kwa kishindo cha maji. Mtu aliyejiandaa, mwenye viatu vyenye meno, fimbo, na moyo wa kumsikiliza mwongoza wageni, akiambiwa rudi anarudi, huyo akija masika sina neno naye, na atasimulia mpaka wajukuu. Ninayemsonya ni yule anayetaka maji ya Aprili kwenye njia ya Agosti.

Haya, Juni inaingia. Mvua imekata, mpunga unavunwa, viwanda vya sukari vinaanza kusaga na malori ya miwa yanapita hapa usiku na mchana yakidondosha vipande ambavyo watoto wanagombania. Kipupwe kinashuka. Hapo ndipo vichekesho vingine vinaanza. Wazungu wakifika kwenye mabwawa ya juu wanajitupa majini chubwi, wanatoka wekundu, wanajitupa tena. Watu wetu waliokuja kuogelea wamesimama pembeni na masweta, wamekumbatia mabega, wanapimana nani aanze. Mmoja akatumbukiza kidole cha mguu. Kimoja! Akapiga kelele iliyowatoa ndege mitini. Kisha akatoa simu akapigwa picha amekaa pembezoni, nywele kazilowesha kwa kiganja ili aonekane kaoga. Mnh! Mtu kasafiri zaidi ya kilomita 300 kuja kudanganya kwamba kalowa.

Lakini msiniulize kwa nini naipenda Juni, nitawaambia wenyewe. Juni maji bado ni mengi kwa sababu mlima umeshiba, njia imekauka, anga imefunguka. Ukisimama pale juu kwenye ukingo unaliona bonde zima la Kilombero limelala chini yako, miwa, mpunga, paa za bati. Na asubuhi ya baridi, kama mmekaa kimya, nyani wenyewe watakuja. Hapo lazima niguse donda la spika.

Ndani ya msitu huu kuna mbega mwekundu ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye milima hii ya Udzungwa na bonde la Kilombero lililo chini yake. Na kuna mangabei wa Sanje, kaitwa kwa jina la kijiji chetu hiki. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, tena walianza kwa kumsikia sauti kabla hawajamwona, wakati wazee wetu walikuwa wakimsikia siku zote. Sasa piga hesabu. Mnyama ambaye dunia nzima ilimjua kwa sababu ya sauti yake, unamfuata kwao na spika la muziki. Unafika juu umewasha mpaka majani yanacheza, halafu ukishuka unatulalamikia kijiweni: "Wazee, hamna wanyama huku, tumeona vipepeo tu." Ebo! Wangekusubiri uwaagizie wimbo? Yule mangabei alikuwa juu ya kichwa chako anakutazama, anasikitika kama tunavyosikitika sisi.

Agosti na Septemba zinapita, nyasi zinakauka, na hapo ndipo upupu unapokomaa. Mtoto wa kijijini anaujua upupu kabla hajajua kuhesabu. Mtoto wa mjini anaona ganda zuri, lenye manyoya ya dhahabu yanayong'aa juani, limening'inia pembezoni mwa njia kabla hamjaingia msituni. Kijana mmoja aliyekuja na mpenzi wake akalichuma. Eti akamwekea bibie nywelani, kwenye sikio, wapigwe picha! Masikini mapenzi. Yule dada alianza kujikuna shingo, akashuka mabegani, akavua kilemba, akavua sweta, akasahau kwamba kuna watu. Kijana kujaribu kumsaidia kwa mikono ile ile iliyochuma, akazidi kuusambaza. Wamama wakawakimbilia na matope na majivu, wakawapaka wote wawili mpaka wakafanana. Ilikuwa safari ya kuombana uchumba, tukaambiwa. Kama uchumba ulipona siku ile, basi ndoa hiyo haitavunjwa na kitu.

Halafu Oktoba, mwezi wa yule kijana wa picha ya Aprili. Ni kweli, mstari umekonda. Maji yanashuka kama unyoya, yanagusa mwamba hapa na pale, mengine yanapeperushwa kabla hayajafika chini. Mabwawa yametulia na ni meupe kiasi cha kuhesabu kokoto. Kwa kuogelea, hakuna mwezi unaoushinda huo. Lakini watu wanaguna kwamba ni madogo.

Hapa nataka tukae vizuri, sogeeni. Tangu Juni mpaka Oktoba huku chini kuna wiki na wiki ambazo halidondoki tone. Mashimo yamekauka, mbuzi wanakula makaratasi. Sasa yale maji yanayoshuka pale mwezi wa kumi yametoka wapi? Ni mvua ya Aprili! Imekaa miezi yote hiyo mlimani, kwenye udongo mweusi uliojaa majani yaliyooza, kwenye mizizi ile ile iliyomtelezesha bosi, na wingu nalo linapopita asubuhi miti inalichuja tone kwa tone. Msitu unaitoa mvua ile kidogo kidogo. Ukiukata msitu, masika utapata gharika la siku tatu na Oktoba utapata mwamba mkavu wa kupigia picha za kusikitisha. Kwa hiyo maporomoko ya Oktoba, membamba vile, ndiyo makubwa kuliko yote kwa anayejua anachokiangalia. Mimi nikiyaona yanashuka wakati huku chini hata kisima kimenuna, moyo wangu unajaa. Halafu mtu anasema "ndiyo yale tu?"

Na msitu ule haukubaki bure. Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa 1992. Miaka mingi watu wa vijiji hivi waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu, mpaka ruhusa ile ikafungwa mwaka 2011. Akina mama waliozoea kuokota mlimani wakaanza kununua, wengine wakapanda miti yao, wengine wanahangaika mpaka leo na pumba za mpunga. Lilikuwa chungu, na bado ni chungu, msiniambie vingine. Sasa njoo uone. Wageni wamepita na mkaa wao umelowa, wanataka kuchoma mishikaki chini karibu na njia, mmoja ananyoosha mkono anavunja tawi. Anavunja tawi! Mama muuza ndizi amekaa pale pale, anamtazama. Huyu mama ukimkuta na tawi lile kichwani ni kesi. Hakusema neno. Alisonya tu, msonyo mrefu uliotoka kwenye visigino, na nadhani yule mgeni mpaka leo hajui alisonyewa nini. Ndiyo maana nalisema mimi.

Watu hudhani maporomoko yapo tu, hayawezi kuondoka. Yanaondoka! Hapa hapa Udzungwa, upande wa kusini, kuna Kihansi. Mnakumbuka habari za vyura wa Kihansi zilivyovuma nchi hii, vijiwe vyote vikacheka? Lilikuwa korongo lenye maporomoko ya mwaka mzima, yanarusha manyunyu bila kupumzika, na ndani ya manyunyu yale alikuwamo chura mdogo wa njano, anakaa kwenye ncha ya kidole, anayezaa watoto wake kamili pasipo kutaga mayai. Alitambuliwa 1996. Mwaka 2000 mitambo ya umeme ya megawati 180 ikawa imeanza, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye bomba, manyunyu yakakata. Chura akapoteza masika yake na kiangazi chake kwa mpigo. Ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, akafutika. Ilipofika 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Bahati, karibu vyura 500 walikuwa wameshapandishwa ndege kwenda Marekani, wakalelewa Bronx na Toledo. Chura wa Morogoro kakulia New York! Wakarudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni, ambako kumefungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili wapate manyunyu waliyokuwa wakipewa bure na mlima. Watu walicheka sana: mamilioni kwa ajili ya chura! Umeme tunauhitaji, siukatai, taa hii ninayosomea haiwaki kwa dua. Lakini mimi kichekesho nakiona kwingine. Maji yalikuwa yananyunyiza yenyewe tangu enzi na enzi. Tukayanyamazisha, kisha tukanunua mabomba ya kuyaigiza.

Tena huyo huyo anayedharau mstari wa Oktoba, simu yake inaishi kwa nini? Vijito vyote vya upande wetu huu mwisho wake ni Rufiji, na Rufiji sasa inazungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, iliyoanza kuwaka 2024. Maji uliyooshea miguu Sanje yanakwenda kukuchajia simu Mbagala. Halafu umeyaachia chupa ya plastiki na kifuko cha karanga. Mxiii! Kuna siku vijana wa bodaboda walipanda kusaidia usafi, wakashuka na viroba. Chupa, vijiko vya plastiki, nepi, kiatu kimoja cha ngozi kilichochongoka mbele.

Novemba na Desemba sitazikalia sana. Joto linakaba, mvua za kwanza zinaanguka kwa hasira na kukoma, maembe yanadondoka. Mvua ya kwanza ndiyo inayoosha vumbi la miezi yote, kwa hiyo maji yanashuka rangi ya chai ya maziwa, na anayekuja Krismasi akiwa na ndoto za maji ya bluu anatukasirikia. Siafu nao wanahama. Ukiona njia nyeusi inatembea, ruka. Usisimame juu yake kuuliza njia, kama alivyofanya mama mmoja wa heshima zake, ambaye baadaye alicheza ngoma ambayo haijawahi kuchezwa Kilombero.

Na tusijione peke yetu wenye kituko hiki. Kule Moshi, Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Desemba nzima Wachagga wamerudi kwao na wageni wao, njia ya maporomoko inafurika kuliko maji. Kule Rukwa, mpakani na Zambia, Kalambo inashuka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Masika ni radi, lakini mwishoni mwa kiangazi inakonda kupita hata yetu, na korongo wakubwa wenye mfuko shingoni wanatamia kwenye kuta za mwamba. Kuna watu wanasafiri siku mbili kwenda kuilaumu Kalambo mwezi wa kumi, na hao korongo wapo pale mbele yao na vifaranga, hawawaoni! Wameenda kuona maji, basi kingine chochote Mungu alichokiweka hakihesabiki.

Mara nyingine wageni hutuuliza kuhusu jina moja la huku mpaka tunatazamana. Jirani na ofisi za hifadhi pale Mang'ula kuna maporomoko madogo mazuri, ya mwendo mfupi, yanafaa kwa watoto na wazee. Yanaitwa Prince Bernhard, kwa heshima ya mume wa malkia wa zamani wa Uholanzi, aliyekuja kuifungua hifadhi 1992. Nchi tambarare ile, mlima hawana, maporomoko hawana, jina wanalo Udzungwa! Watoto wetu wanalitamka wanavyoweza na maisha yanaendelea. Lakini kama goti linakusumbua, nenda hapo, usijitie ujana wa kwenda Sanje ukabebwa na vijana wanne. Ameshabebwa mtu, na alikuwa mzito.

Basi mkiniuliza mwezi gani, nimeshasema na narudia: Juni, mwanzoni, kabla shule hazijafunga. Anayetaka kuogelea aje Oktoba na asiguse ganda lolote lenye manyoya. Anayetaka kishindo aje Aprili na viatu vyenye meno, akiambiwa hapana aelewe hapana. Na malipo fanyeni mapema kwa kontro namba, msije langoni mkiwa mmeshika noti mkaanza kuwagombeza askari, hawapokei fedha mkononi. Nimeyasema haya mpaka koo limekauka. Juzi tu, nimemaliza kumweleza dogo mmoja wa bodaboda yote haya, kila mwezi na tabia yake, simu yake ikaita. Ni kundi la watu arobaini kutoka Dar, wanataka Jumatatu ya Pasaka, wanauliza kama kule juu kuna mahali pa kuchomeka spika.